Aliyepanda cheo na wa ajira mpya, nani atangulie kwenye tange? Wahindi wanabishana mahakamani tangu miaka ya 1960

#1 MasijalaKuu
Wakuu, heshima kwenu. Naleta jambo ambalo kwetu hupita kimyakimya, ila India limejaza makabati ya Mahakama ya Juu.

Chukua cheo kimoja, tuseme Mkaguzi wa Kodi ya Mapato. Kanuni za ajira zinasema sehemu ya nafasi zijazwe kwa kupandisha watumishi waliomo ndani, na sehemu ijazwe kwa mtihani wa wazi. Wakishaingia, cheo ni kimoja, mshahara mmoja, kazi ileile. Halafu ngazi ya juu inapata nafasi 1. Tange linafunguliwa, ugomvi unaanza. Aliyepanda anasema: nipo kwenye kiti hiki tangu Machi, huyu kaja Novemba. Wa ajira mpya anajibu: nafasi yangu ilikuwa wazi tangu mwaka juzi, mlionichelewesha ni nyinyi serikali.

Msimamo wangu: ihesabiwe tarehe mtu aliyoripoti, basi. Anayepinga aje na hoja.

#2 DarajaLaPili
Napinga, mkuu. Tarehe ya kuripoti haipangwi na mtumishi. Fuata safari ya faili uone. Idara inahesabu nafasi wazi za mwaka, inaandika maombi ya kujaziwa nafasi kwenda Tume (kwa wakaguzi wa kodi ni ile Tume ya Uteuzi wa Watumishi, kwa vyeo vya juu ni Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano). Tume inakusanya maombi ya idara zote, inatangaza, inafanya mtihani, inasahihisha, inatoa matokeo, inagawa majina, inatuma majalada. Idara inayapokea, inamtuma mtu akapimwe afya, polisi wanahakiki tabia na makazi yake, ndipo barua inatoka. Mwaka mmoja na nusu, miwili, umekwisha.

Wa kupanda yeye anahitaji kikao cha kamati ya kupandisha vyeo kikae siku moja na taarifa za utendaji wa miaka iliyopita mezani. Ukihesabu tarehe ya kuripoti, umempa ushindi mwenye njia fupi kabla mbio hazijaanza.

#3 WakiliTandika
Wote mmerukia katikati. Mzizi ni waraka wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya India wa tarehe 22 Desemba 1959. Ndio ulioweka kanuni ya mgawo na zamu. Kanuni za ajira zikisema nusu kwa nusu, majina yanapangwa kwa kupokezana: wa kupanda, wa ajira mpya, wa kupanda, wa ajira mpya. Zikisema robo tatu kupanda na robo ajira mpya, kila wa ajira mpya anakaa chini ya watatu wa kupanda.

Angalieni vizuri: waraka ule haukujali nani kafika lini. Ulipanga kwa zamu. Kwa hiyo hoja ya #1 ya tarehe ya kuripoti haikuwa sheria India kwa muda mrefu sana. Ni hoja iliyokuja kushinda baadaye, na hata huo ushindi wake haujatulia.

#4 Njoro254
Samahani ndugu zangu wa Tanzania, tange ni nini?

#5 MasijalaKuu
@Njoro254 ni orodha ya watumishi wa kada moja iliyopangwa kwa ukuu: cheo, tarehe ya kupata cheo, tarehe ya ajira, ya kuzaliwa. Ofisi ya utumishi ndiyo inayoitunza. Karibu kijiweni.

#6 BiTakwimu
Hii zamu haieleweki bila kuchora. Naweka mfano wa nafasi 10, nusu kwa nusu. K ni wa kupanda, M ni wa ajira mpya. Mwaka wa kwanza K wote 5 wamepatikana, ila Tume imeleta M wawili tu.

Utaratibu wa zamani:
K1, M1, K2, M2, K3, (wazi), K4, (wazi), K5, (wazi)

Visanduku vitatu vinaachwa na jina la M ambaye bado hajulikani. Akija baada ya miaka mitatu anaingizwa pale. M3 anapata namba 6, juu ya K4 aliyekwishafanya kazi miaka mitatu kwenye cheo hicho. Inawezekana M3 alikuwa bado chuoni siku K4 anasaini barua yake.

Baada ya marekebisho ya 1986:
K1, M1, K2, M2, K3, K4, K5

Zamu inakwenda hadi pale watu wa aina zote mbili walipopatikana, waliobaki wanafuatana. Zile nafasi 3 za M hazifi, zinahamia mwaka wa pili. Sasa mwaka wa pili wakija K 5 na M 8:
K6, M3, K7, M4, K8, M5, K9, M6, K10, M7, kisha M8, M9, M10 wanarundikwa mkiani.

Matokeo: M3 ameshuka kutoka namba 6 hadi 9. K5 amepanda kutoka namba 9 hadi 7. Hatua mbili tatu hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ngazi ya juu ikiwa na nafasi 7 tu, K5 ameingia na M3 amebaki.

#7 WakiliTandika
Bi Takwimu umepatia, shukrani. Naongeza tarehe tu: waraka ni wa 7 Februari 1986, ukaanza kutumika 1 Machi 1986, na Julai mwaka huohuo ukaunganishwa na nyaraka nyingine za ukuu. Na serikali yenyewe iliandika sababu: utaratibu wa kuacha visanduku wazi ulikuwa unazaa mashauri mengi.

#8 DarajaLaPili
Na hapohapo ndipo neno moja lilipoleta vita mpya: *kupatikana*. Waraka wa 1986 unasema zamu iende kwa kadiri ya watu "waliopatikana". Amepatikana lini? Siku jina lake lilipotoka Tume, au siku aliporipoti?

Mwaka 2008 serikali ikatoa ufafanuzi kwamba ni mwaka wa kuteuliwa hasa. Wakaguzi wa kodi wa ajira mpya wakapinga. Tarehe 27 Novemba 2012 Mahakama ya Juu, kesi ya Parmar, ikaamua kwamba kama idara ilianza mchakato wa kujaza nafasi ndani ya mwaka wa nafasi ile, yaani maombi yalikwishatumwa Tume, basi aliyechaguliwa ahesabiwe na kundi la mwaka huo hata kama ameripoti mwaka mwingine. Ufafanuzi wa 2008 ukatupwa. Machi 2014 serikali ikatoa waraka wa kutekeleza.

Huo ndio uamuzi wenye utu. Kijana hakuchelewesha chochote.

#9 MasijalaKuu
Mkuu, mbona umekomea 2014? Endelea na kesi ya Meghachandra Singh, 19 Novemba 2019, majaji watatu. Kikosi cha polisi cha jimbo la Manipur, Daraja la II. Waliopanda waliteuliwa 1 Machi 2007. Wa ajira mpya waliteuliwa 14 Agosti na 24 Novemba 2007, wakadai wawekwe juu kwa sababu nafasi zilikuwa za 2005. Mahakama ikasema mtu hawezi kudai ukuu wa kipindi ambacho hakuwa ndani ya kada. Parmar ikatenguliwa kwa jina kabisa.

Naomba muutazame huo muda: kati ya Machi na Agosti ni miezi mitano na nusu. Shauri limekwisha baada ya miaka kumi na miwili.

#10 WakiliTandika
@MasijalaKuu usisherehekee bado. Mahakama ileile ilisema uamuzi uanzie mbele. Ukuu uliokwishapangwa kwa kufuata Parmar, kati ya 27 Novemba 2012 na 18 Novemba 2019, usiguswe. Waraka wa 13 Agosti 2021 umerudia hivyo. Kwa hiyo ofisi moja India leo inaweza kuwa na tange lenye matabaka: wa kabla ya 1986, wa 1986 hadi 2012, wa Parmar, na wa baada ya Meghachandra. Karani anayelipanga lazima ajue kila jina linaangukia kipindi gani, vinginevyo anachanganya sheria nne kwenye ukurasa mmoja.

Na 2022 majaji wawili wa Mahakama hiyohiyo waliutilia shaka uamuzi wa 2019 wakataka jopo kubwa zaidi liutazame. Hapo sijui utasema nini.

#11 MasijalaKuu
Nitasema kutiliwa shaka si kutenguliwa.

#12 KaimuNgazi
Wakuu, mnazungumza kana kwamba kila aliyepanda alipanda kihalali siku ya kwanza. Shida kubwa ipo kwa waliokaimu. Tume ikichelewa kuleta M, kazi haisubiri. Idara inampandisha K kwa muda kwenye nafasi ya mgawo wa M. Muda unakuwa miaka minane, kumi. M akija, K anaambiwa "wewe ulikuwa wa muda, rudi chini yake".

Uamuzi mkuu hapa ni ule wa wahandisi wa Maharashtra, 2 Mei 1990, majaji watano. Una vipengele kumi na moja, ila viwili vya kwanza ndivyo vinavyopiganiwa:

Cha kwanza: ukiteuliwa kwa kufuata kanuni, ukuu unaanzia tarehe ya kuteuliwa, si ya kuthibitishwa. Ila kama uteuzi ulikuwa wa kuziba pengo, nje ya kanuni, huo muda hauhesabiwi.

Cha pili: kama utaratibu haukufuatwa mwanzoni, lakini mtu akaendelea bila kukatizwa hadi akarasimishwa kwa kanuni, muda wake wote unahesabiwa.

Ukisoma harakaharaka unaona vinapingana. K anasimama na cha pili, M anasimama na cha kwanza, na wote wananukuu hukumu moja.

#13 WakiliTandika
Vilipatanishwa 1993 katika kesi ya Aghore Nath Dey. Cha pili hakiwasaidii waliowekwa kuziba pengo tu. Kinamsaidia yule ambaye nafasi ilikuwepo, sifa anazo, ila kasoro ilikuwa ya utaratibu, ikaja kurekebishwa baadaye. Kwa hiyo jambo la kwanza kuangalia ni barua ya uteuzi. Imeandikwa "kwa muda hadi atakapopatikana mwenye nafasi", au imeandikwa "kukaimu" bila sharti? Sentensi moja hiyo inaamua miaka kumi ya mtu.

Kuhusu kuthibitishwa: mahakama ililikataa kama kipimo tangu kesi ya Patwardhan, 1977, nayo ya wahandisi. Wa ajira mpya walikuwa wanathibitishwa moja kwa moja baada ya muda wa majaribio. Wa kupanda walisubiri miaka na miaka, bila kosa lao. Ukipanga tange kwa tarehe ya kuthibitishwa, unampa uamuzi afisa utumishi mwenye kalamu.

#14 BiTakwimu
Narudi na hesabu, maana naona wote mnalaumu tarehe na hakuna anayelaumu mgawo wenyewe. Kuna mgawo wa *nafasi zinazotokea* na mgawo wa *viti vilivyopo*. Si kitu kimoja.

Kada ina viti 40. Mgawo ni 75 kwa 25, yaani 30 kupanda, 10 ajira mpya. Wa kupanda anafika cheo hiki na miaka 45, anastaafu na 60: kiti anakikalia miaka 15. Wa ajira mpya anaingia na 25: miaka 35. Ukigawa kila nafasi 4 zinazotokea kwa tatu na moja, baada ya muda mrefu uwiano wa viti unakuwa 3 mara 15, sawa na 45, dhidi ya 1 mara 35, sawa na 35. Yaani wa ajira mpya wanashika karibu asilimia 44 ya viti, viti 17 au 18, badala ya 10. Hakuna aliyeiba. Daftari la zamu limefuatwa mstari kwa mstari, na bado waliopanda wataona wamemezwa.

#15 KaimuNgazi
Hesabu nzuri dada, ila ina tundu. Wa ajira mpya hakai miaka 35 cheo kimoja, naye anapanda ngazi ya juu. Ukimpa miaka 10 kwenye cheo, 1 mara 10 dhidi ya 45, anashuka hadi asilimia 18 hivi, viti 7.

#16 BiTakwimu
Ni kweli, nakubali sharti hilo. Lakini ndiyo hoja yangu yenyewe: uwiano wa viti unayumba kufuatana na kasi ya kupanda juu, na kasi ya kupanda juu inategemea tange, na tange linategemea zamu. Kimoja kinakisukuma kingine. Kwa majaji wa wilaya wa India, Mahakama ya Juu ilipoweka mgawo mwaka 2002 (nusu kwa kupanda kawaida, robo kwa mtihani wa ndani, robo kwa mawakili kutoka nje) ilielekeza daftari la nukta 40 (kila nukta ni kiti chenye kundi lake) linalofuata viti. Kiti cha wakili kikiwa wazi kinajazwa na wakili, cha kupanda kinajazwa na wa kupanda. Hapo mgawo hauyumbi.

#17 DarajaLaPili
Lakini ukuu kati yao bado uligombewa, dada, hata baada ya nukta 40.

#18 Mzee_wa_Ikama
Vijana, kuna njia ya tatu hamjaigusa: kumpa mtu miaka. Utumishi wa Utawala wa India, ule wa wakuu wa wilaya, haugombanii tarehe ya kuripoti. Kila afisa anapewa *mwaka wa kundi*. Wa mtihani anapewa mwaka unaofuata ule wa mtihani. Aliyepanda kutoka utumishi wa jimbo anarudishwa nyuma kwa kanuni za 1987: miaka 12 ya kwanza ya utumishi wake wa jimbo inampa miaka 4, kisha kila miaka 3 kamili ya ziada inampa mmoja, lakini nyongeza hiyo isizidi 5. Jumla haipiti 9.

Mfano: alikuwa na miaka 18 jimboni, ameingizwa kwa orodha ya 2010. Kumi na mbili inampa 4, sita iliyobaki inampa 2. Anapewa kundi la 2004. Anakaa na vijana wa mtihani wa 2003. Sharti ni kwamba asimruke aliyemtangulia kwenye orodha yake mwenyewe.

Haki kamili haipo humo, ila kila mtu anaweza kujihesabia nyumbani kabla ya kwenda kwa wakili.

#19 Njoro254
Mzee, hapo sasa mimi nimeelewa. Lakini aliyepoteza miaka 12 kati ya 18 atasemaje?

#20 Mzee_wa_Ikama
Atasema amedhulumiwa, na kijana wa mtihani aliyemkuta juu yake atasema hivyohivyo.

#21 FundiMuundo
Turudi nyumbani kidogo. Tanzania miundo yetu mingi inaweka ajira mpya kwenye cheo cha kuanzia, vyeo vya juu vinakwenda kwa kupandishwa. Ndiyo maana vita ya aina hii ni ndogo. Inakojitokeza ni kwa aliyejiendeleza akabadilishiwa kada. Karani mwenye miaka 11 anarudi na shahada, anaingizwa kada ya maafisa cheo cha kuanzia, mshahara wake mkubwa unalindwa kama mshahara binafsi. Mwaka uleule ajira mpya wanaletwa na Sekretarieti ya Ajira. Kwenye tange la kada mpya ile miaka 11 haimsaidii, anapangwa kwa tarehe ya kuingia kada. Mshahara unasema mkubwa, tange linasema wamelingana, na ofisini vijana wanamwita mzee.

#22 MasijalaKuu
@FundiMuundo ahsante, hiyo ndiyo sababu ya kuanzisha uzi. Na kwa kanuni yangu ya #1 karani huyo anapata haki yake: akibadilishiwa kada Julai na wao wakaripoti Septemba, yuko juu.

#23 DarajaLaPili
Na barua yake ikikaa mezani kwa mtu hadi Oktoba? Mkuu, umeona sasa kwamba kanuni yako inageuka kulingana na nani kacheleweshwa? Mwanzoni ulisema uchelewaji wa ofisi si hoja.

#24 MasijalaKuu
Nilisema tarehe ya kuripoti. Huyu hakuripoti popote, alikuwepo ofisini. Lakini nimekusikia, hapo pananisumbua.

#25 WakiliTandika
Jambo la utekelezaji ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. India tange la rasimu husambazwa kwanza, watu wanapewa muda wa kuleta pingamizi, ndipo la mwisho linatoka. Vitu vitatu huua mashauri mazuri:

Kwanza, kunyamaza. Mwaka 2010, kesi ya Mohapatra, mahakama ilisema miaka mitatu hadi minne ndiyo muda wa kuvumilika wa kupinga tange. Baada ya hapo wenzako wamekwishajenga maisha juu yake.
Pili, kumshtaki serikali peke yake. Unaotaka kuwaruka lazima wawe washtakiwa, vinginevyo uamuzi hauwagusi.
Tatu, kupinga tange bila kuomba daftari la zamu. Tange ni matokeo, kosa lipo daftarini: nafasi ya aliyeazimwa idara nyingine imehesabiwa kama wazi, au kiti kilichofutwa bado kimo kwenye mgawo, au nafasi za mwaka huu zimechanganywa na za mwaka jana.

#26 KaimuNgazi
La nne ongeza: mgawo uliovunjika. Kama serikali haikuufuata kwa miaka mingi mfululizo, uamuzi wa 1990 unasema uchukuliwe umevunjika, na ukuu urudi kwenye muda wa utumishi usiokatika. Ndivyo ilivyowakuta maafisa wa kodi daraja la I, mgawo wao wa theluthi mbili ajira mpya na theluthi moja kupanda. Kesi ya kwanza 1967 iliuheshimu mgawo. Ya 1972 ikasema umekwishaporomoka tangu 1959. Kanuni mpya zikatungwa 1973, nazo zikapingwa, zikapita 1974.

#27 DarajaLaPili
Hapo ndipo ninapogoma. Anayevunja mgawo ni serikali, kwa kutoitisha mtihani. Ukisema umevunjika, unamwadhibu kijana ambaye hata hakupewa nafasi ya kuufanya.

#28 KaimuNgazi
Na ukisema haujavunjika, unamwadhibu aliyeishika ofisi miaka yote hiyo mtihani haupo.

#29 Njoro254
Swali la mwisho kwangu. K na M wameteuliwa siku moja, barua zimetoka siku moja, wameripoti asubuhi moja. Kwa kanuni ya tarehe ya #1 nani juu?

#30 BiTakwimu
Kwa zamu, K anatangulia, daftari huanza na kupanda.

#31 FundiMuundo
Zamu ile ni ya India. Mimi ningetazama tarehe ya ajira ya kwanza serikalini.

#32 DarajaLaPili
Hiyo ya ajira ya kwanza inampa K ushindi kila mara, hakuna M atakayemshinda. Mimi naona ipimwe kwa mwaka ambao kila nafasi ilianza kuwa wazi. @WakiliTandika, waraka wa 2021 unasemaje wakiingia mwaka mmoja?

#33 WakiliTandika
Wakijiunga ndani ya mwaka mmoja wa nafasi, zamu inarudi kufanya kazi kati yao kwa kadiri ya mgawo. Mwaka ukitofautiana, wa mwaka wa baadaye yuko chini. Sasa niambie mwaka unahesabiwa kuanzia Aprili au Januari kwenye kada yako, ndipo nikujibu vizuri. Ukianzia Aprili, aliyeripoti tarehe 30 Machi na aliyeripoti 2 Aprili ni watu wa miaka miwili tofauti.